Habari za Chapati za Kabla ya Kwaresima

Katika nchi yetu ya pwani hakuna asiyejua maana ya kuvunja jungu. Mwezi wa Shaabani ukielekea mwisho, jirani zetu Waislamu hualikana, hupika, hula na kunywa, kwa kuwa mfungo u karibu. Na mtoto mdogo akiona vyungu vingi jikoni hujua kwamba Ramadhani haiko mbali. Hatukuanza na habari hiyo kwa kutaka kupima dini kwa dini, bali kwa kuwa itatusaidia kufahamu desturi ya Wakristo ambayo walimu wengi wametuuliza, yaani ile ya kula chapati nyembamba za mayai siku ya Jumanne iliyo mbele ya Jumatano ya Majivu.

Chapati zenyewe si ngeni kwetu. Ni ndugu wa zile tunazoziita chapati za maji: unga, yai, maji au maziwa, na mafuta kidogo katika kikaango, nazo humiminwa, hazisukumwi. Lakini desturi ya kuzila siku ile moja ya mwaka ilitoka mbali, nasi tulipoipokea hatukuambiwa ilizaliwa wapi wala na mama gani.

Sababu iliyotusukuma kuitafuta asili yake ni hii. Mwaka mmoja, katika mtaa tuliokuwa tukiutumikia, ilitangazwa karamu ya chapati kwa siku ile ya Jumanne. Watoto wakaja wengi hata unga ukapungua, na kelele za furaha zikasikiwa mpaka usiku. Asubuhi yake kengele ya Jumatano ya Majivu ikalia, na kanisani tukawakuta wazee tisa na mwalimu mmoja. Baada ya misa mzee mmoja akatungoja mlangoni, akasema, “Mmetuvunjia jungu, lakini mfungo hamkutuonyesha.” Kisha akauliza kama desturi ile ni ya Kanisa au ni ya Wazungu tu. Hatukuwa na jibu la kumpa. Lawama hatumtupii mtu mwingine, kwa maana sisi ndio tuliosoma tangazo la karamu kanisani, na la maungamo tukalisahau.

Basi na tuanze na mfungo, kwani karamu hii bila mfungo haina asili. Siku arobaini kabla ya Pasaka zatajwa katika kanuni ya tano ya Baraza Kuu la Nikea, mwaka 325, nazo zatajwa kama jambo linalojulikana tayari. Miaka mitano baadaye, mwaka 330, Mtakatifu Athanasio, Askofu wa Iskanderia, katika barua aliyowapelekea watu wake wa Misri kuwatangazia siku ya Pasaka, aliwaagiza kufunga siku arobaini. Twaomba msomaji aikumbuke nchi hiyo ya Misri, maana iko katika Afrika hii yetu, na barua hiyo iliandikwa zamani sana kabla Waingereza hawajawa taifa moja.

Huko Magharibi hesabu ya siku ilileta shida kidogo. Majuma sita ya mfungo, ukiziondoa Jumapili, ambazo hazifungwi kwa kuwa ni ukumbusho wa Ufufuo, hufanya siku 36. Papa Gregorio Mkuu, aliyekufa mwaka 604, aliona maana njema katika hesabu hiyo: siku 36 ni kama zaka ya siku za mwaka, tunayomtolea Mungu. Lakini watu walitaka arobaini kamili kama Bwana wetu alivyofunga jangwani. Kwa hiyo baadaye siku nne zikaongezwa mbele, na mfungo ukaanza Jumatano. Mji wa Milano katika Italia haukuziongeza. Mpaka leo Kwaresima ya huko huanza Jumapili, na sherehe zao za kuaga nyama huendelea mpaka Jumamosi. Sisi wengine twaishia Jumanne. Na kwa kuwa Pasaka huhama, Jumanne hiyo nayo huhama, haitangulii tarehe 3 Februari wala haipiti tarehe 9 Machi.

Sasa, walifunga nini? Nyama kwanza, na pamoja na nyama, vyote vitokavyo kwa mnyama: maziwa, siagi, jibini na mayai. Mwaka 692 maaskofu waliokutana Konstantinopoli walisikia kwamba katika Armenia na mahali pengine wako watu wanaokula mayai na jibini siku za Jumamosi na Jumapili za Kwaresima. Wakakataza, wakatoa sababu yao: ukijinyima mnyama, jinyime na mazao yake. Kanuni hiyo yaonekana nyepesi katika karatasi. Uzito wake huujua mwenye jiko.

Fikirini nyumba ya mkulima katika Uingereza au Ujerumani wa zamani, mwezi wa Februari. Baridi bado ni kali, bustani haina kitu, nafaka ya mwaka jana imepungua. Kuku wa nchi zile hutaga kidogo sana wakati wa baridi, kwa kuwa kutaga kwao hufuata urefu wa mchana. Siku zinapoanza kurefuka, nao huanza kutaga tena. Hivyo wakati ule ule ambapo mayai yanarudi jikoni, kanuni yasema: wiki sita yasiliwe. Maziwa yaliyomo mtungini kesho kutwa yatachacha. Siagi itaharibika. Mwanamke mwenye akili atafanyaje? Hawezi kuvitupa, maana kutupa chakula ni dhambi na watoto wana njaa. Achukua unga, avunja mayai ndani yake, atia maziwa, aweka siagi katika kikaango, na katika saa moja kila kilichokatazwa kimekwisha. Hiyo ndiyo asili ya chapati ya Jumanne. Si kanuni ya Kanisa iliyoiagiza, wala hakuna sikukuu ya mtakatifu iliyo chini yake; ni mama wa nyumbani aliyelitii Kanisa bila kuiacha mali yake ioze.

Na kuku hawakujua Kwaresima; waliendelea kutaga. Mayai yakawekwa, mengine yakachemshwa yadumu, hata Pasaka ilipofika yalikuwa mengi mno. Mwalimu anayeulizwa na watoto kwa nini mayai hupakwa rangi siku ya Pasaka, sehemu ya jibu lake iko hapa. Katika hesabu za nyumba ya mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, mwaka 1290, yameandikwa mayai 450 yaliyonunuliwa kwa ajili ya Pasaka.

Hata hivyo jiko lilikuwa nusu tu ya kazi ya siku ile. Nusu ya kwanza ilikuwa kanisani. Theodulf, Askofu wa Orléans katika Ufaransa, karibu na mwaka 800 aliwaandikia mapadre wake kwamba katika juma lililo mbele ya Kwaresima watu wote waende kuungama, wapatane na waliokosana nao, kisha ndipo waingie mfungoni. Kanuni zake zilitiwa katika Kiingereza cha kale zikatumika Uingereza pia. Jina la Kiingereza la siku yenyewe, Shrove Tuesday, halisemi neno hata moja juu ya chakula. Latoka katika neno la kale lenye maana ya padre kumsikiliza mtu maungamo yake na kumpa malipizi. Wafaransa huiita Jumanne ya Mafuta, nao wamelitazama jiko. Waingereza wameshika jina la kanisani, ingawa wengi wanaolitamka leo hawajui maana yake. Sisi katika Kiswahili twaweza kusema Jumanne ya Maungamo, wala hatutakosea.

Kengele iliwaita watu kwenye maungamo hayo asubuhi. Baadaye, watu walipoacha kuungama, kengele haikuachwa. Iliendelea kulia kila mwaka, lakini sasa watu waliisikia kama ishara ya kuweka kikaango motoni. Mtunga mashairi John Taylor, katika kijitabu chake juu ya Kwaresima cha mwaka 1620, aliandika kwa mzaha jinsi kengele ile ilivyowapa watu wazimu wa chapati. Twaicheka habari hiyo, lakini mioyoni yatuuma kidogo. Chuma ni kile kile, mnara ni ule ule, saa ni ile ile, na mwito umekuwa mwingine.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya siagi, kwani siagi iliwahi kulitikisa Kanisa. Watu wa Italia na wa nchi zote za kusini mwa Ulaya hupika kwa mafuta ya zeituni. Mzeituni humea kwao kama mnazi umeavyo kwetu. Kwao kunyimwa siagi si kitu. Lakini kaskazini hakuna mzeituni. Mtu wa huko akikatazwa siagi ilimpasa kununua mafuta yaliyosafirishwa mbali, ghali, na mara nyingi yameharibika. Kwa hiyo watu wa kaskazini waliomba ruhusa, na ruhusa ikatolewa, lakini kwa malipo. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara uliomalizika mwanzoni mwa karne ya 16, nao waitwa Mnara wa Siagi mpaka leo, kwa kuwa, kama watu wa huko wasimuliavyo, ulijengwa kwa fedha za waliotaka kula siagi wakati wa Kwaresima. Mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane aliwapa watu wa Saksonia katika Ujerumani ruhusa kama hiyo, na sadaka zilizodaiwa kwa ajili yake zilikwenda katika ujenzi wa kanisa.

Hatusemi kila aliyetoa fedha hizo alitoa kwa moyo mbaya. Mnara ni mzuri, na jengo la Mungu halijengwi kwa maneno. Lakini maskini aliona nini? Aliona kwamba dhambi ya siagi ina bei, na jirani yake tajiri ameilipa. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani, akalalamika kwamba huko Roma watu wanaucheka mfungo wenyewe, huku wakiwaacha Wajerumani wale mafuta ambayo wao wasingeyapaka hata viatu vyao, kisha wakawauzia ruhusa ya kula siagi. Maneno makali, ila twadhani yeyote aliyewahi kulipa ushuru asioufahamu atajua hasira ile ilitoka wapi.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Machi 1522, katika mji wa Zürich, mpiga chapa mmoja jina lake Christoph Froschauer aliwapa watu soseji nyumbani mwake, na ilikuwa Kwaresima. Alipoitwa mbele ya baraza la mji alijitetea kwamba kazi ya kuchapa vitabu ilikuwa nzito, na watu wake walihitaji chakula cha kuwapa nguvu. Padre Huldrych Zwingli alikuwapo mezani. Yeye hakula, lakini baada ya siku chache alipanda mimbari akahubiri kwamba Mkristo ana uhuru wa kufunga au kutofunga. Kwa soseji zile matengenezo ya Kanisa yalianza katika nchi ya Uswisi. Mtu asiseme basi kwamba chakula ni jambo dogo katika historia ya dini.

Uingereza mambo yalikwenda kwa amri ya mfalme. Mwaka 1538 Henry wa Nane alitangaza ruhusa ya kula mayai, maziwa, siagi na jibini wakati wa Kwaresima. Tokea hapo mama wa nyumbani hakuwa na sababu tena ya kuvimaliza siku ya Jumanne, maana Alhamisi angeweza kuvila kama kawaida. Ungedhani chapati zingekoma. Hazikukoma! Zilizidi. Mwaka 1615 Gervase Markham alichapisha kitabu cha mafundisho kwa mama wa nyumbani, na mle ameeleza chapati zitiwe karafuu, mdalasini na kungumanga. Tena asema ni heri kutumia maji kuliko maziwa, maana maziwa huzifanya ngumu. Akina mama wa kwetu, ambao tangu zamani wazifanya kwa maji, watafurahi kusikia hayo.

Lakini sherehe iliyoachwa bila mfungo wake ilianza kuota miba. Wanafunzi wa mafundi wa London walizoea kuifanya Jumanne ile siku ya fujo. Mwaka 1617 walilivamia jumba jipya la michezo ya kuigiza lililoitwa Cockpit wakaliharibu. Vijijini watu walimfunga jogoo kwenye mti wakamtupia magongo mpaka akafa, ndio mchezo wao wa siku ile. Hatukuona faida ya kuyaeleza zaidi. Wasomaji wameisha kuona wapi njia ile ilielekea.

Mzee wetu aliuliza kama desturi hii ni ya Wazungu tu. Kwa jibu lake ilitupasa kutazama mashariki, ambako mfungo haukupunguzwa. Warusi wana juma zima kabla ya Kwaresima, liitwalo Maslenitsa, jina litokalo katika neno lao la siagi. Katika juma hilo nyama imekwisha kuachwa, lakini maziwa, siagi na mayai bado, nao hula chapati zao, blini, kila siku. Kisha huja Jumapili ya mwisho, iitwayo ya Kusameheana. Mtu humwendea mwenzake, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa, huinama na kuomba radhi, ndipo mfungo uanze. Tazameni jinsi ifananavyo na agizo la Askofu Theodulf. Watu hawa na wale hawakuwa katika utii mmoja kwa miaka mingi, lakini wote waliona haifai mtu kuingia mfungoni na kinyongo tumboni, hata kama tumbo limejaa chapati.

Na karibu nasi zaidi kuna Habeshi. Wakristo wa Kanisa la Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka. Nyama hawali, wala maziwa, wala siagi, wala mayai. Hula mikate yao ya injera pamoja na mchuzi wa dengu, au wa unga wa mbegu za jamii ya kunde waitao shiro, uliopikwa kwa mafuta ya mbegu. Na wengi hawatii kitu kinywani kabla ya mchana. Hao ni Waafrika, na Ukristo wao umekaa katika nchi yao tangu karne ya nne. Kwa hiyo tulirudi kwa mzee tukamjibu hivi: kikaango ni cha Wazungu, nacho kilitokana na baridi yao na kuku wao, lakini mfungo ulio nyuma yake ni wa Kanisa lote, na sehemu yake ya kale sana twaisikia katika barua iliyoandikwa Afrika.

Alisikiliza yote, nasi tulidhani tumemaliza. Ndipo akauliza swali ambalo katika vitabu hatukulikuta. “Wao walikuwa na mayai na siagi, wakavimaliza. Je, sisi ndani ya nyumba zetu tuna nini cha kumaliza?” Tukanyamaza. Katika mtaa ule mayai hayakuliwa na wenye kuku. Yalipelekwa sokoni kununua chumvi na daftari za shule. Maziwa yalikuwa ya watoto wachanga. Nyama ilionekana Krismasi na Pasaka, na katika arusi. Watu wa namna hiyo ukiwaagiza waache mayai siku arobaini, hukuwaagiza kitu. Tukakaa naye barazani tukahesabu: pombe ya jioni ipo, sukari katika chai ipo, kwa wachache, ugoro upo, na deni kati ya ndugu wawili, ambalo kila mtu mtaani alilijua, nalo lilikuwapo. Mzee akasema hilo la mwisho ndilo linalooza.

Yako mahali ambapo wameirudisha kengele kwenye kazi yake, angalau kidogo. Mji wa Olney katika Uingereza wasimulia kwamba mwaka 1445 mwanamke mmoja alikuwa akikaanga chapati aliposikia kengele ya maungamo, akakimbia kanisani na kikaango mkononi na kitambaa kiunoni. Habari hiyo ni ya mapokeo, hatuwezi kuithibitisha. Lakini kutokana nayo wanawake wa mji hushindana mbio kila Jumanne hiyo, kutoka sokoni mpaka kanisani, mwendo wa yadi 415, kila mmoja na kikaango chake, na lazima airushe chapati juu na kuidaka tena. Vita vya mwaka 1939 viliyakatiza mashindano; mwaka 1948 padre wa mtaa aliona picha za zamani za mbio zile, akayaanzisha upya, na tangu 1950 mji wa Liberal katika Kansas, Marekani, hushindana nao kwa kulinganisha saa za washindi. Mbio zikiisha, watu huingia kanisani kwa ibada ya siku ile, wakimbiaji nao wakiwa bado na vitambaa vyao viunoni.

Katika mtaa wetu hatukufanya mbio. Mwaka uliofuata kengele ililia Jumanne saa tisa ya mchana, na padre akakaa kanisani mpaka jua lilipokaribia kuchwa. Nje, watoto walikusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka ule mwingine, yakachomwa katika kigae kikubwa ili majivu yawe tayari kwa kesho. Karibu na moto huo akina mama waliinjika vikaango. Mayai yalikuwa saba tu, kwa watoto zaidi ya arobaini, na chapati zikatoka nyeupe, karibu maji matupu, hakuna aliyelalamika. Wale ndugu wawili wa deni walionekana wote wawili, mmoja ameketi upande wa mlango na mwenziwe upande wa kisima. Mzee aliwapelekea sahani moja.